Asiyechomwa, Namchoma

Dobini kwetu neno baya kuliko yote ni "nimechoma." Ukiunguza nguo ya mteja huruhusiwi kuificha. Unapaza sauti, "Nimechoma!" na kila mtu anainua pasi yake juu, maana mtu akishtuka na pasi iko chini, shati la pili nalo linaungua. Kisha unasogea mbele ya wote na aibu yako mkononi. Sheria hiyo niliikuta.

Siku tajiri wetu alipotoa amri kwamba kila mfanyakazi achanjwe, la sivyo akae nyumbani, msimamizi alipanda juu ya kreti la sabuni kututangazia. Tulimwita Kola, kwa sababu kola za mashati yake zilisimama wima kama zinasikiliza umbea. Mashati yenyewe nilikuwa nayapiga pasi mimi. Aliyaleta kutoka kwake kwenye mfuko, akaniwekea mezani juu ya kazi za wateja, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

"Mwisho wa mwezi ndio mwisho!" akasema. "Asiyechomwa sindano, namchoma mwenyewe kwa tajiri!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kumchoma mtu sindano, kumchoma kwa wakubwa, kuchoma shati: alijua kuyachezea maneno, hilo simnyimi.

Sikuwa nimekataa chanjo. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba anayenyonya, na nilikuwa na swali moja tu la kuuliza kliniki: dawa ikiingia mwilini mwangu, maziwa hayatamdhuru? Nikamfuata Kola ofisini kumwomba ruhusa ya asubuhi moja.

"Maswali ya nini?" akasema. "Wenzako wanachomwa kimya kimya. Wewe nani, daktari?"

"Mimi ni mama, bosi."

"Akina mama wako wengi."

Mchana ule ule nikaitwa. Kumbe ameshampigia tajiri simu, amemwambia nimegoma, tena nawajaza wenzangu maneno. Kola akanifukuza mbele ya meza zote. Nikaomba basi nichukue chupa yangu. Kila wakati wa mapumziko nilikuwa nakamua maziwa na kuyaweka kwenye friji ndogo ya ofisini, ili kesho yake mama mkwe awe na cha kumpa mtoto nikiwa kazini. Kola akaitoa chupa mwenyewe. Akaifungua. Akayamwaga maziwa kwenye sinki la kufulia, polepole, macho yake usoni kwangu.

"Maziwa ya asiyechanjwa hayakai pamoja na chakula cha watu," akasema.

Yalikaa meupe juu ya povu kidogo, kisha yakaenda.

Jirani yangu wa meza, dada ambaye mdomo wake haujui likizo, siku hiyo aliinamisha kichwa na kupiga pasi foronya ambayo ilikuwa imeshanyooka.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe na mtoto mgongoni. Nikamsimulia yote.

"Mama, yule mtu lazima nimfanyie kitu. Mashati yake si napiga mimi? Nitamtia wanga mpaka..."

"Wanga wa nguo au wanga wa usiku?" akanikatiza. "Maana wale wa usiku siwajui, mwanangu. Lakini naweza kuulizia."

Tukacheka mpaka mtoto naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Halafu mama mkwe akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Kwanza kaulize swali lako," akasema. "Hasira haimchanji mtu. Kisasi kitakungoja, hakina mguu."

Kesho yake nikaenda kliniki. Nilikaa kwenye benchi, barakoa usoni, mtoto kifuani. Mbele yangu kwenye foleni niliona shingo ya mtu, na kwenye shingo ile kola. Hakuna kola nyingine duniani inayosimama vile. Niliijua kama ninavyoujua mkono wangu, kwa sababu ndio ulioisimamisha.

Ilipofika zamu yake, akaketi. Nesi akapasua kipakiti cha sindano. Kile kisauti cha karatasi tu, kras, na Kola akaruka wima.

"Nakuja, naenda msalani mara moja."

Akaupita mlango wa msala. Akampita na mlinzi. Mara ya mwisho nilimwona akivuka barabara bila kuangalia magari.

Nesi akatingisha kichwa. "Shati gumu, moyo mlenda," akasema. "Anayefuata!"

Anayefuata nilikuwa mimi. Nikauliza swali langu. Hakunicheka. Aliweka sindano chini kwanza, ndipo akanijibu.

"Nyonyesha kama kawaida, mama. Maziwa yako hayana kosa lolote."

Hayana kosa lolote. Nilitamani niyafunge maneno yale kwenye pindo la kanga nitembee nayo. Sindano yenyewe iliniuma kama siafu mmoja mwenye haraka.

Nikarudi kazini na kadi yangu ya chanjo. Tajiri, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliiona getini akaniruhusu. Kola akanipokea kwa meno yote.

"Karibu tena, daktari. Ila friji sasa ni ya wasimamizi."

"Nimeshachanjwa, bosi."

"Nimesikia. Friji ni ya wasimamizi."

Basi kila mapumziko nikawa nakamulia kwenye sinki lile lile, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kifua kikijaa hakisikilizi siasa. Siku zilivyokwenda, maziwa yakaanza kupungua. Jioni mwanangu alivuta, akaachia, akanitazama kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa. Hapo ndipo nilipoacha kulia nikaanza kupanga.

Jirani yangu nilimwambia nilichokiona kliniki. Nusura aangushe pasi.

"Na anakagua kadi zetu! Mchome! Mchome leo!"

"Bado," nikasema. "Mimi alinimaliza mbele ya meza zote."

Tulijua wauguzi watakuja dobini kuwachanja waliobaki, na tajiri mwenyewe atakuwepo. Siku hiyo Kola angetaka kung'aa. Na kweli, akaniletea shati jeupe la mikono mirefu. "Hili lisimame," akasema, "mpaka tajiri aulize nimelinunua wapi."

"Litasimama, bosi."

Nililitia wanga kwa upendo kama wa kupika uji wa mwanangu. Kola ya shati nikaipa kiasi chake cha siku zote. Mikono nikaipa wanga mzito, nikapiga pasi, nikarudia, nikapiga tena, mpaka ukiigonga kwa ukucha inaitika hodi.

Siku ikafika. Nesi akaja, yule yule. Akapanga vifaa vyake juu ya meza ya kukunjia shuka. Tajiri akachanjwa wa kwanza mbele yetu sote, kisha wapakiaji, kisha wakunjaji. Kola alisimama mbali, nyuma ya rundo la taulo, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, mikono yake imekaa kando ya mwili kama ya mdoli wa dukani.

"Wamekwisha?" tajiri akauliza.

"Wote, mama," Kola akajibu. "Mimi nilikuwa wa kwanza kabisa. Kiongozi huonyesha njia."

Nikaishika pasi yangu. Ikiwa nesi hamkumbuki, nilijua, mimi ndiye nitakayetoka mlangoni, na safari hii sirudi. Nikamfikiria mwanangu akiachia ziwa na kunitazama.

"Nimechoma!" nikapaza sauti.

Pasi zote zikapanda juu. Mvuke tu ulikuwa unapumua.

Tajiri akavaa miwani. "Umechoma nini?"

"Sijachoma nguo, mama. Nimemchoma mtu." Nikanyoosha kidole. "Bwana msimamizi hajachanjwa. Alikimbia sindano kliniki, mimi nikiwa nyuma yake."

"Mwongo huyu!" Kola akafoka. "Ana chuki na mimi!"

"Chuki ninayo," nikasema. "Uongo sina."

"Binti," tajiri akasema polepole, "ukinidanganya, mlango ule pale."

Nesi alikuwa amegeuka, anamtazama Kola, hasa shingo yake.

"Bwana," akasema kwa upole, "siku ile msalani ulifika salama?"

Jirani yangu ndiye aliyeanza kucheka. Baada yake hakuna aliyeweza kujizuia, na pasi zote bado ziko hewani. Tajiri peke yake hakucheka.

"Kunja mkono wa shati," akamwambia.

Kola akakunja. Mkono haukukunjika. Akavuta, akasukuma, ukalia kama bati. Akanitazama, nami nikamtazama kama alivyonitazama siku ya sinki. Ikabidi alivue shati lote mbele yetu, abaki na fulana yenye matundu. Akaketi. Kipakiti kikapasuliwa, kras, na Kola akanyoosha mkono kutafuta mtu wa kumshika. Aliyekuwa karibu ni mimi.

Nikainua viganja vyangu. "Vina wanga, bosi. Vitakuchafua."

Akachomwa akiwa ameshika mguu wa meza.

Tajiri akauliza chuki yangu ilitoka wapi. Jirani yangu akamweleza habari ya maziwa, mpaka rangi ya chupa. Akaingia ofisini, akaitoa mikate ya Kola kwenye friji, akaiacha friji wazi. "Mama mtoto," akasema, "hii ni yako." Kisha akamgeukia Kola. "Wewe utabaki, kwa kuwa sasa umechanjwa. Kazi yako iko kwenye sinki lile."

"Mwosha huoshwa," jirani yangu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka getini.

Shati lilisahauliwa. Lilisimama lenyewe juu ya meza hadi jioni, mikono kando, bila mtu ndani.

Ilichukua muda maziwa kurudi. Siku niliyorudi na chupa imejaa mpaka shingoni, mama mkwe aliishika kwa mikono miwili, akaikagua kwenye mwanga.

"Sasa umemsamehe?"

Mtoto alikuwa amenikamata kwa mdomo na vidole vyote, hataki kuachia. Nikafikiri kwa haki kabisa.

"Bado, mama. Kola zake anapiga pasi mwenyewe siku hizi, na zinalala. Zikianza kusimama, nitafikiria."