Taa za Mchora Mabango

Kiharusi kilimnyang'anya mzee ulimi na masikio kwa mpigo mmoja, kikamwachia macho na mkono wa kushoto. Miezi ikapita amelala tu, anakodolea dari. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akimgeuza na kumwosha, alikwisha kata tamaa.

"Baba hayupo pale," alimwambia mdogo wake. "Kesho wanakuja kumchukua, akalelewe kwenye nyumba ya wagonjwa. La kuvunda halina ubani, dada yangu."

"Anaona, kaka. Na kusoma anajua. Ningoje nimalize ubao wangu wa taa."

Mdogo mtu alikuwa fundi simu, na ubishi alizaliwa nao. Alitoboa ubao wa plaiwudi safu kwa safu, akachomeka katika kila tundu taa ya LED ndogo kama punje ya mahindi, kisha akaulaza kifudifudi na kulehemu nyaya kwa nyuma hadi moshi ukamliza. Kompyuta yake kuukuu ndiyo ingeziamuru taa: wewe waka, wewe zimika, mpaka neno litokee. Akaziwasha zote kwa pamoja, zikawaka, akaona kazi imekwisha. Haraka haraka, jamani, haina baraka!

Asubuhi aliusimamisha ubao mbele ya kitanda, akaandika BABA, akabonyeza.

Lo! Neno likatoka kinyumenyume. Nyaya alizipanga akiwa nyuma ya ubao, akasahau kwamba kushoto kwa nyuma ndiko kulia kwa mbele.

"Hiyo hata mzima hawezi kuisoma," kaka alisema. Nje gari la nyumba ya wagonjwa lilipiga honi. Dada mtu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mara mkono wa kushoto wa mzee ukainuka kutoka kwenye shuka. Kiganja kilitazama juu, kikapinduka, kikatazama chini. Kisha tena.

Wote wawili waliijua ishara ile. Mzee alikuwa mchora mabango tangu ujana wake. Vioo vya maduka aliviandika akiwa ndani, herufi akizigeuza ili wa nje wazisome sawa. Mwanafunzi akisahau, mzee hakugomba. Alipindua kiganja tu. Geuza.

Dada alilia huku vidole vikitafuta kosa kwenye programu. Alibadilisha mstari mmoja, na BABA ikasimama sawasawa. Mkono ukatulia.

Kaka alikuwa bado ameshika kitasa cha mlango. Miezi yote hiyo alimgeuza mzee kama gunia. Hata brashi zake alizifungia sandukuni mbele ya macho yake, na macho yale yalikuwa yanaona. Alikiachia kitasa.

Honi ikalia tena.

"Mwandikie," kaka alisema. "Mwandikie haendi popote. Na mwandikie ni mimi ninayesema."