Ndoo ya Asali kwenye Mkia wa Ndege

Tangu aanze kazi ya usimamizi kwenye kiwanja cha ndege cha Mpanda, Pudensiana alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemwomba upendeleo: "Siyo mimi, ni sheria." Alilitoa kwa walevi wa Misunkumilo, mtaa wa jirani, waliotaka kukatiza njia ya kurukia, akalitoa hata kwa kigogo mmoja aliyechelewa ndege. Jibu lile lilimpa usingizi mzuri, mpaka Jumanne ile.

Saa nane mchana gari la wagonjwa lilisimama mlangoni. Ndani alilala Amosi, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Ugalla, aliyeanguka kutoka juu ya mti akishusha mzinga. Damu ilikuwa inavujia ndani ya kichwa. Daktari alikuwa amesema wazi: apasuliwe Mwanza leo hii, na kwa barabara hafiki. Ndege ya wagonjwa ilikuwa upande wa pili wa nchi, ingekuja kesho.

Lakini kiwanjani palikuwa na ndege! Ndogo, nyeupe, viti vinne vitupu, na ilikuwa inakwenda huko huko Mwanza. Kosa lake lilikuwa herufi za ubavuni tu, zilizoonyesha kwamba imesajiliwa Burundi. Rubani wake, Rénovat, alikuwa ameleta wataalamu asubuhi kwa kibali maalumu, na kibali kilimtaka aondoke bila abiria.

"Mama, mimi niko tayari," Rénovat alisema. "Ila niruke kabla ya saa kumi na nusu. Leseni yangu ni ya mchana tu. Jua likizama, lazima niwe nimeshatua."

Baba yake Amosi, mzee Ubaldo, mrina asali tangu ujana wake, hakuelewa. "Mgonjwa yupo. Ndege ipo. Mwenyewe amekubali. Sasa nyie mnamsubiri nani?"

Walikuwa wanausubiri mwaka 1944. Mwaka huo wakubwa wa dunia walikaa Chicago wakaandika kwamba kila nchi ina haki ya kuikataza ndege ya kigeni kubeba abiria kwa malipo kutoka mji wake mmoja kwenda mwingine. Baadaye Tanzania nayo ikaiingiza haki hiyo kwenye sheria zake. Sidhani kama kuna aliyekaa kwenye kikao kile akawahi kusikia jina la Ugalla.

Pudensiana akapiga simu Dar, kwenye mamlaka ya usafiri wa anga. Aliyepokea ni Sospeter, ofisa wa vibali, mtu mwenye utu.

"Kikwazo ni malipo," Sospeter alisema. "Kama anambeba bure, nakimbilia sahihi ya bosi sasa hivi. Weka spika. Wasomee tamko, rubani na mzazi waape, mimi nasikiliza."

Ilikuwa saa tisa na robo. Rénovat akaapa haraka haraka. Kisha Pudensiana akamsomea mzee: "Mimi, Ubaldo, naapa kwamba sijatoa wala sitatoa kitu chochote chenye thamani kwa rubani."

Mzee akavua kofia. Hakurudia maneno yale.

"Hapo nitakuwa mwongo, mwanangu. Asali nimeshampa."

Kwao mzee, anayembeba mgonjwa wako haachwi mikono mitupu. Kumwacha hivyo ni kumtakia mgonjwa mabaya. Wakati Pudensiana akihangaika na simu, mzee alikuwa ameteremsha kwenye gari ndoo ya lita ishirini, na Rénovat, ambaye kwao pia zawadi ya mzee haikataliwi, akaisukumia kwenye mkia wa ndege. Hakuna kati yao aliyeiita malipo.

Pudensiana alitamani kuipasua simu ile.

"Irudisheni," Sospeter alisema mwishowe, sauti imempungua. "Ila simu hizi zinarekodiwa, dada. Kitu kikishapokelewa, mwanasheria ndiye anayeamua kama ni ujira au siyo."

Ndoo ikashushwa. Mwanasheria alikuwa kikaoni. Saa kumi ikapita. Pudensiana alipiga simu mara kumi na moja, na kila mara Sospeter alimjibu kwa upole ule ule, "Bado, dada." Mzee alisimama nyuma ya gari, ameshika nyayo za mwanawe. Pudensiana aliichukia ile fomu ya tamko, akajichukia mwenyewe, na Mungu amsamehe, akamchukia hata mzee kwa ukweli wake.

Kibali kilifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Asali si ujira, kilisema, mgonjwa asafirishwe.

Rénovat alikisoma, akalitazama jua, akakaa chini pale pale kwenye lami. "Nitafika kukiwa giza," alisema. "Hawataniruhusu, mama."

Gari la wagonjwa likashika njia ya Tabora kuelekea Mwanza. Amosi alikata roho kabla ya kufika Sikonge.

Baada ya matanga mzee Ubaldo alikuja kuchukua ndoo yake. Ilikuwa bado chini ya meza ya Pudensiana, sisimizi wameizunguka. Mzee hakuigusa.

"Nauliza kitu kimoja tu, mwanangu. Ningenyamaza kuhusu asali, mtoto angewahi?"

Pudensiana alizijua dakika zote za siku ile, moja moja. Alijua kwamba saa tisa na nusu Amosi angekuwa angani.

"Hapana, baba," alisema. "Siyo wewe. Ni sheria."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akainama, akaisukuma ndoo kwa mkono mpaka kwenye miguu ya Pudensiana.

"Basi baki nayo. Ulihangaika sana na mgonjwa wangu."

Hakuweza kuikataa.