Moyo Unaosukuma Vizuri

Baba na shangazi wameshonea nguo katika chumba kimoja tangu sijazaliwa, na humo hakuna cha mtu peke yake. Sindano, vifungo, chaki, vyote vinakaa kwenye mkebe mmoja, atakayewahi achukue. Kwa hiyo baba alipoambiwa moyo wake umechoka na akapewa vidonge, navyo vikaingia mkebeni. Shangazi, ambaye alikuwa ameanza kuhema akipanda ngazi na kuvimba miguu, akawa anajichukulia. Alisema yeye na kaka yake wamenyonya ziwa moja, dawa itamkataaje?

Mimi kwa udadisi sijambo. Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda kupimwa kwa ile mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo. Mpimaji akasema moyo unasukuma damu vizuri tu. Shangazi hakusubiri neno la pili. Alivaa viatu, akatoka kifua mbele, na siku nzima akamtania baba kwamba moyo wake goigoi, wa mwenzake chuma. Vidonge akaviacha, chumvi aliyokuwa ameipunguza akairudia, na kazi zote nzito za baba akazibeba yeye.

Haukupita muda akashindwa kulala chali. Asubuhi moja nilimkuta ameinamia meza ya cherehani, midomo imepauka, anaitafuta pumzi haipati. Niliogopa sana. Tulimkimbiza hospitali.

Walipomtoa maji mwilini kwa dawa na pumzi ikamrudia, nikamwuliza daktari swali lililokuwa likiniwasha: moyo unaosukuma vizuri unashindwaje? Daktari yule hakuniona mjinga. Alileta picha mbili zinazotembea, ya baba ya tangu alipopimwa na ya shangazi, akaziweka sambamba pale kitandani. Moyo wa baba ulikuwa umetanuka na kulegea, ukijibana ni kama umetikisika tu. Wa shangazi ulikuwa na kuta nene, unajibana kwa nguvu haswa.

"Sasa tazama unapoachia," akasema.

Nikatazama. Uliachia nusunusu, kama mtu asiyetaka kufungua mlango. Daktari akaeleza kwamba miaka ya presha imezikakamaza kuta zile, damu inakuja inakosa nafasi, inarudi kujazana mapafuni. Inayoingia inasukumwa vizuri, ila inayoingia ni kidogo. Ndiyo maana baadhi ya vidonge vya baba havikumhusu kabisa. Nikaomba anionyeshe tena, na tena, hadi akaniuliza kama natafuta kazi.

Shangazi alikuwa amesikia yote. Akageukia ukutani, akasema yeye si mgonjwa, hanywi dawa ya mtu. Nilimbembeleza, wapi. Ikabidi nimwite baba, naye akaja akipumzika kila baada ya ngazi chache, akaketi ukingoni mwa kitanda mpaka pumzi ikatulia.

"Unaogopa nini?" akamwuliza.

Shangazi akamgeukia. "Nikiugua na mimi, nani atakuangalia?"

"Na ukifa ukiwa mzima hivyo hivyo, ndiyo utaniangalia?"

Shangazi alitaka kucheka, kikatoka kilio. Baba naye akajifuta macho kwa kiganja, bila kujificha. Kisha shangazi akaniomba maji, akameza dawa.