Jina la Mama Suleiman Kisimani

Bi Mwanatumu alikuwa na siku moja tu ya kulikumbuka jina la mtu aliyekufa miaka sabini iliyopita.

Fundi Mutunga alikwisha kuchonga majina ya wanaume watatu kwenye bamba la ukumbusho la kisima cha zamani, hapo Msambweni. Mtu wa nne kamati ilimwandika "Mama Suleiman" tu kwenye orodha yake. Huyo ndiye nyanya yake Mwanatumu, mzaa baba, aliyewaonyesha wale wanaume pa kuchimba. Wao wakapata sifa, yeye akaachiwa jina la mwanawe, na kamati nzima isione vibaya!

"Alikuwa na jina lake," Mwanatumu alimwambia fundi. "Usimwandike hivyo, mwanangu."

"Nimekuachia nafasi, bibi. Lakini kesho saa sita nalibandika."

Wazee waliomjua marehemu walikuwa wamekwisha. Mwanatumu akakaa barazani mchana kutwa, macho nusu yamefumbwa. Nyanya alimjia kwa vipande: nyayo zilizolowa maji zikipita ukumbini, harufu ya ua la kilua kwenye leso, kicheko. Akamfuata usingizini hadi kisimani. "Nyanya, waitwa nani?" Nyanya akacheka tu, akateka maji. Kisha mama yake Mwanatumu akaita kutoka mbali, kwa sauti ile ile ya zamani, "We mwana, njoo!"

Akazinduka. Mama yake hakuwahi kumwita kwa jina, hata siku ile alipokuwa akikata roho. We mwana, basi. Mwanatumu alizeeka na uchungu huo, akiamini kuwa mama yake hakumpenda sawasawa.

Uani, Fauzia, mke wa mwanawe, alikuwa akimwita binti yake. "We bibi! Wali unapoa!"

"Fauzia, mtoto ana jina. Mbona humwiti?"

Fauzia akainamisha uso kwa haya. "Mama nawe! Si mwanao alimpa jina lako? Nitalitamkaje jina la mama mkwe?"

Desturi hiyo Mwanatumu aliijua; mwenyewe hajapata kumtaja mama mkwe wake. Ila hakuwahi kumfikiria mama yake kuwa naye alikuwa mkaza mwana wa mtu. Machozi yakamtoka, akayaacha. Mama masikini! Kumbe alikuwa akimstahi mkwewe tu.

Asubuhi alifika kisimani kabla ya fundi kushika patasi.

"Andika Mwanatumu."

"Bibi, si hilo ni jina lako? Watu watasema umejiandika mwenyewe."

"Na waseme. Lilikuwa lake kwanza. Baba yangu alinirithisha mimi."

Mutunga akachonga polepole, bibi akakaa ukingoni mwa kisima, vumbi la jiwe likimwangukia miguuni. Alipomaliza, fundi akapuliza herufi, akasoma kwa sauti.

"Mwanatumu."

Bi Mwanatumu alikuwa amefumba macho. Akaitika, "Abee, mama."