Gharibu na Shahati

Inshirahi alishuka kwenye lori la serikali akiwa na mimba ya miezi minane, redio kwapani na birika la shaba mkononi. Hakuwa na kitu kingine. Mwaka ule Suezi ilikuwa ikipigwa mizinga kutoka ng'ambo ya Mfereji, na wanawake, watoto na wazee walikuwa wakihamishwa na kutawanywa nchi nzima. Wengi walipelekwa kaskazini, kwenye mashamba ya Delta. Yeye aliletwa kwetu kusini mwa Misri, kijijini karibu na Tahta, kwa sababu babu wa mumewe, mzee Hamdani, alikuwa mtu wa kwetu aliyekwenda Suezi ujanani kupakia makaa kwenye meli na asirudi. Alikuwa damu yetu, ingawa damu ya mbali. Mumewe, Mitwali, alibaki huko pamoja na wanaume walioachwa kulinda mji.

Kaka yangu Abdurahimu alimpa chumba cha upande wa pili wa ua, kile kilichokuwa cha marehemu baba. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, na tulikuwa tunaishi watu wanne: mama, kaka, mkewe Wahiba, na mimi. Wahiba naye alikuwa mjamzito, miezi miwili nyuma ya Inshirahi. Hatukuizungumzia mimba yake. Alikuwa akivaa kanzu pana, na mtu akimtazama tumboni aligeuka upande.

Wanawake wale wawili walipatana haraka. Inshirahi alikuwa na maneno mengi ya watu wa bandarini, anacheka kwa sauti, anawaita wanaume wa gazetini kwa majina kama vile wote walikunywa chai kwake. Alitaka kufundishwa kukanda mkate wetu wa jua, ule unaoachwa uumuke juani kwenye visahani vya udongo. Wa kwanza aliotengeneza, mama alisema ungefaa kumpigia mbwa. Inshirahi akasema basi ameshapata silaha ya kupeleka Suezi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele. Mama akachukulia kwamba mtoto ataitwa Hamdani, na hakuona sababu ya kuuliza. Kwetu jina la babu hurudi. Siku ya saba nyumba ilijaa wanawake wa mtaa mzima. Tulimweka mtoto kwenye ungo, tukamrushia chumvi na nafaka, mama akagonga kinu cha shaba sikioni pake na kumwambia amtii mama yake. Wanaume walikuwa wamekaa kizingitini, kaka yangu mbele yao. Mama akageuka kwa Inshirahi, amejaa furaha, akamwambia awatajie watu jina.

"Gharibu," akasema Inshirahi.

Kinu kilinyamaza. Nakumbuka nilitazama uso wa mama nikadhani ameumwa na nge. Gharibu, kwetu, ni mgeni, mtu asiye na kwao. Mwanamke tuliyempokea kama binti, tuliyempa chumba cha baba, mbele ya majirani wote amemwita mwanawe Mgeni. Jirani mmoja alijifunika mdomo kwa ushungi. Mwingine akasema taratibu, ila kila mtu alimsikia, kwamba kumbe ndivyo watu wanavyoishi ndani ya nyumba hii.

Inshirahi alikuwa akitabasamu. Akaongeza kwamba baba yake mtoto ndiye aliyeweka nadhiri ya jina hilo siku walipoagana. Kwa masikio yetu hilo lilikuwa baya zaidi: kumbe tulihukumiwa hata kabla hajafika. Kaka yangu akainuka, akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Wageni walikula haraka wakaondoka, na Inshirahi akabaki na ungo wake, anatutazama mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo mama alikataa kumwita Mama Gharibu. Alisema hawezi kujitukana kwa kinywa chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Na kwa kuwa amejitangaza mgeni, basi atalishwa kigeni. Alipelekewa chakula chumbani kwenye sinia, paja la kuku juu, kitambaa safi kimefunika. Akija kwenye unga mama alimwondoa kwa upole: "Pumzika, bibi. Mgeni hakandi." Kwa siku mbili tatu Inshirahi alidhani ni heshima ya uzazi. Halafu akaelewa kwamba siyo, ila sababu hakuijua, na sisi hatukumwambia kwa kuwa tuliamini anaijua vizuri kuliko sisi. Akaacha kutoka. Redio ilikuwa ikisikika kutoka kwake mchana kutwa, taarifa za vita, halafu nyimbo, halafu vita tena.

Nje nako hakukuwa na raha. Waliohamishwa walikuwa wanapanga foleni Tahta kuchukua unga na mablanketi, na watoto wa sokoni waliwafuata nyuma wakiimba "ombaomba wa Suezi". Mara moja nilikuwa na Inshirahi. Alirudi nyumbani ameubana mdomo, na blanketi lile hakulitumia hata wakati wa baridi kali.

Wahiba akajifungua. Mvulana tena, mdogo, wa rangi ya majivu, sauti kama ya kitoto cha paka. Watu hawakuitwa. Siku ya saba mama alimpa jina ndani, mlango umefungwa: Shahati. Maana yake ombaomba, yule anayenyoosha mkono milangoni. Asubuhi hiyo Wahiba akavaa gunia lililotobolewa shingo, akajipaka masizi usoni, akamfunga mtoto kifuani kwa kitambaa cha jikoni. Alitakiwa apite nyumba kwa nyumba, apewe kwa ajili yake mkate, chumvi, chochote. Kwetu hufanywa hivyo ili mauti na macho ya watu vimdharau mtoto, vione ni mtoto wa ombaomba, hana thamani ya kuchukuliwa. Lakini mlango wa kwanza lazima utoe; ukikataa, kinga imevunjika. Na mlango wa karibu kuliko yote, kwa kuwa mama alishaufanya uwe nyumba ya kigeni, ulikuwa ule wa ng'ambo ya ua.

Nilikuwa kisimani, niliona yote. Wahiba aligonga. Inshirahi alifungua, Gharibu begani. Wahiba akanyoosha kiganja na kusema maneno yanayosemwa: "Mpe Shahati kwa ajili ya Mungu."

Inshirahi alitazama gunia. Akatazama masizi, kile kiganja, halafu mtoto.

"Mmemwita nani?"

"Shahati."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. "Mmenichoka, semeni," akasema. "Niambieni funga virago, nitafunga. Lakini kuja kuniigiza mlangoni kwangu, Wahiba? Na mtoto mchanga unamwingiza kwenye mzaha?"

Wahiba hakuweza kujibu. Mwenye kuomba haruhusiwi kusema neno jingine mpaka apewe. Alibaki amenyoosha mkono, machozi yanachora mistari kwenye masizi, na Inshirahi akaufunga mlango.

Ndoo ilinitoka mkononi ikaangukia kisimani. Wahiba aliushusha mkono polepole, kama mkono wa mtu mwingine. Hakwenda nyumba nyingine yoyote. Alirudi ndani akakaa chini na gunia lake, na mama alipomwuliza amepata nini, alionyesha kiganja kitupu. Mama akakaa naye. Hawakulia wala kulaani. Walikaa tu, kama watu walioletewa taarifa ya msiba.

Kesho yake mtoto alikataa ziwa. Mwili ukawa moto. Maziwa ya Wahiba nayo yakakatika, kwa hofu, nadhani, au kwa kutokula. Kaka alimchukua dakta wa zahanati kwa punda, dakta akatoa dawa ya matone, akasema mtoto asipopata maziwa matone hayatasaidia kitu. Mama alikuwa akiutazama mlango wa ng'ambo bila kusema, na kutazama huko kulinitisha kuliko matusi.

Niliingia kwa Inshirahi bila kubisha hodi. Alikuwa anafunga nguo zake kwenye shuka. Nilikuwa nimekwenda kumtukana, kusema kweli, ila niliyoyasema ni mengine.

"Wahiba amezika watatu," nikamwambia. "Wote wavulana. Wote tuliwapa majina mazuri."

Mikono yake ilisimama juu ya fundo. "Watatu?"

"Huyu tumempa jina baya ili abaki. Ulitakiwa umpe hata punje ya chumvi. Umemfungia mlango, na sasa anakufa."

Alikaa kitandani kwa kishindo, mpaka Gharibu akaamka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo nisiyoizoea kwake, kwa nini basi tulimtenga, kosa lake lilikuwa nini hata akaja kudhani kila kitu ni dhihaka.

"Ulimwita mwanao Mgeni mbele ya watu. Ndani ya nyumba ya damu yako."

"Mgeni?" Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. "Sidi Gharibu ni walii wetu, mtu wa Mungu anayeulinda mji. Msikiti wake ndio moyo wa Suezi. Alikuja kutoka mbali akapigana kulinda njia ya mahujaji, akazikwa palepale. Mitwali alikwenda kaburini kwake siku naondoka, akasema: mji ukisimama na mke wangu akizaa salama, mtoto ni wako, kwa jina lako. Mngeniuliza."

"Nawe ungeuliza."

Nyumba moja, ua mmoja, na majina mawili karibu yaue mtoto.

Inshirahi akainuka. Akanipa Gharibu, akavuka ua moja kwa moja mpaka chumbani kwa Wahiba, akamchukua Shahati kutoka mapajani kwa mama bila kuomba ruhusa, akakaa chini ukutani na kumpa ziwa lake. Mtoto alikataa. Akamkamulia matone mdomoni kwa kidole, tena na tena, hadi akaanza kumeza. Wahiba alikuwa anaangalia tu. Alipomaliza, Inshirahi alimwambia avue gunia. Wahiba hakuelewa. "Vua, dada. Wewe huwezi hata kusimama."

Akalivaa yeye. Akajipaka masizi ya chungu, akamfunga Shahati kifuani, akatoka nje ya lango. Mwanamke yule aliyekataa kujifunika blanketi la bure. Nilimfuata nyuma na Gharibu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa yule jirani mwenye ulimi wa siku ya ungo, ambaye alimtazama toka juu hadi chini akasema: "Mgeni wa Suezi ameanza kazi mapema."

"Nimechelewa," akasema Inshirahi, kiganja mbele. "Mpe Shahati kwa ajili ya Mungu."

Yule mwanamke akamtambua mtoto. Aliingia ndani akatoka na mkate mzima na yai, akaviweka mkononi kwake kwa mikono miwili. Mlango uliofuata ulitoa chumvi, mwingine kitunguu, mwingine kipande cha jibini. Watoto walianza kutufuata wakiimba ombaomba, ombaomba, na safari hii hakuna aliyewafukuza, kwa sababu ndicho tulichokitaka. Inshirahi alitembea kijiji kizima. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini mkono haukushuka.

Mama anasema ni ule mkate. Dakta alisema ni maziwa na matone. Homa ilishuka polepole, na majuma kadhaa Inshirahi aliwanyonyesha wote wawili, mmoja huku mmoja huku, akilalamika kwamba hata ng'ombe hupumzika. Mama alimrudisha kwenye unga bila maneno mengi. Kaka yangu, aliyekuwa hajamsemesha tangu siku ya ungo, aliingia akamwita Mama Gharibu, akatazama sakafu.

Mitwali alikuja likizo majira ya joto. Kwenye kibanda cha chai mtu alishamweleza kwamba mkewe alizunguka kijiji akiombaomba, na aliingia uani amegeuka rangi. Alimwuliza kaka yangu kama huo ndio undugu, yeye yuko chini ya mizinga na mkewe ananyoosha mkono. Inshirahi alitoka na watoto wote wawili, akamkalisha mumewe na kumwekea mmoja mapajani. "Huyu hapa kwangu ni wako. Huyo ndiye niliyemwombea. Anaitwa Shahati, na kama jina limekukera, muulize mama yake wale watatu waliitwa nani."

Mitwali aliwatazama wote. Hasira ilimtoka, akabaki na mtoto wa watu mapajani, hajui amshike vipi. Wahiba alitaja majina yale matatu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia tangu mazishi.

Inshirahi na Gharibu walikaa nasi mpaka vita vilipokwisha, Suezi ikafunguliwa tena kwa watu wake na Mitwali akaja kuwachukua. Tuliwasindikiza hadi stesheni ya Tahta. Shahati alikuwa na miaka minne na hakuelewa kwamba yeye habaki na ndugu yake. Alipanda behewani, akajibana chini ya kiti, na treni ikaanza kusogea.

Kwa miaka yote minne Wahiba hakuwahi kumwita mwanawe hadharani. Akiulizwa ni wa nani, alijibu ni kiokotwa tu. Sasa alikimbia jukwaani, ushungi umeanguka, akapiga kelele mbele ya mamia ya watu: "Mwanangu! Nipeni mwanangu!"

Halafu akasikia alichokisema. Alisimama ghafla, akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kama mtu aliyeyafungulia mauti mlango. Mimi nikalikimbilia behewa.

Mitwali alimpitisha mtoto dirishani nikamdaka. Inshirahi akatoa kichwa chake chote nje, akasema kwa ile sauti yake ya bandarini, ili jukwaa zima lisikie: "Mwanao wapi, mama? Huyo ombaomba alifuata mkate tu. Mchukueni, hatumtaki."

Watu walicheka. Wahiba hakucheka. Alikuwa ameshikilia mguu wa Shahati, anatikisa kichwa, anakubali mbele ya kila mtu kwamba ndiyo, ni kweli, si wa mtu yeyote.