Mwenzangu Asiye na Unyayo

Vumbi la uani kwangu hulala jinsi ninavyolilaza. Magomeni yetu hii ya kusini nzima hakuna mwanamke anayenishinda kufagia: nikishapita na ufagio wangu wa chelewa, mistari inakaa kama nywele zilizosukwa, na jua la asubuhi likifika linaona haya kukanyaga. Hakuna, nasema. Basi, kusema kweli, wenzangu wameshasakafia nyua zao kwa saruji. Tumebaki mimi na jirani yangu Rebeka, na Rebeka ana mgongo.

Nakwambia wewe haya, mwenzangu, wewe unayekaa ndani ya kishikwambi. Uani ni huu huu mmoja, na siku hizi tunaugawana.

Ulikuja kwa basi kutoka Dar. Baba mkwe wa binti yetu Lucy anacheza gofu, na Krismasi atampeleka mume wangu Kasiani uwanjani. Kasiani amestaafu bandarini, hajawahi kushika fimbo ila ya kufukuzia mbuzi, na hataki kuchekwa ukweni. Lucy akatuma fimbo moja, vipira sita, na wewe wa kumfundisha.

Kasiani akatundika wavu mkuukuu wa samaki kati ya mpapai na ukuta. Kinu changu akakipindua, akakuketisha juu yake. Kinu changu! Tangu siku hiyo kisamvu nanunua kilichotwangwa na wengine. Nawe ukafungua kijicho chako, ukamtazama.

Ukamtazama, mwenzangu. Bega ukaliona, kiwiko ukakiona, kifundo cha mkono ukakiona. Kila akipiga, kabla kipira hakijatulia wavuni, umeshasema.

"Vizuri sana, Kasiani. Sasa geuza nyonga zaidi kidogo."

Sauti yako ya kike, na Kiswahili chako kimepigwa pasi. Hakina jasho, hakina kikohozi. Na yeye, mzee wa miaka sitini na minane, anaitikia "Ndiyo, mwalimu," na nyonga anageuza.

Nyonga hiyo unaijua wewe? Gunia la korosho liliiangukia bandarini, mwaka Lucy anaota meno. Miezi mitatu nimeikanda kwa maji ya chumvi, nikaikanda kwa mafuta ya nazi, nikaikanda kwa matusi pale mafuta yalipoisha. Unayoiamuru wewe igeuke, mimi ndiye niliyeifinyanga.

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, neno "vizuri" amenitamkia mara moja tu, siku niliyojifungua, na hata hilo nadhani alikuwa anamwambia mkunga. Wewe unamwagia yeye mavizuri kama mtama wa kuku, asubuhi, kabla ya chai.

Rebeka aliweka kidevu juu ya ua wa makuti. "Mama Lucy, naona siku hizi mko watatu."

"Huyo wa tatu hali ugali wetu," nikamjibu.

"Ndio wabaya hao, shoga. Asiyekula hanenepi. Utashindana naye vipi?"

Tulifunga ndoa kanisani, mume mmoja, mke mmoja. Padri hakuuliza habari za vishikwambi.

Na wivu, mwenzangu, usisikie watu wanasema ni moto. Moto una moshi, utauona. Wivu ni ile sulfa wanayopulizia mikorosho: unafunga mdomo, unafunga macho, unajitanda khanga, na bado ukifika nyumbani unaikuta kwenye chumvi.

Kila jioni nilikutafuta vumbini. Unyayo wa Kasiani niliuona, mpana, wa kulia umezama. Miguu ya kuku niliiona. Wako hapana. Mwanamke gani huyu, anashinda uani kwangu mchana kutwa na hakanyagi?

Jumamosi Kasiani akapanda bodaboda kwenda Nanyamba kutazama mikorosho yetu. Nikakuambia moyoni: leo ni mimi na wewe. Nikakubonyeza pale anapokubonyeza yeye. Nilikuwa na maneno, mwenzangu, nilikuwa nimeyatia makali siku tatu.

"Karibu," ukasema. "Simama wima. Tanua miguu kidogo."

Nikasimama wima. Mimi! Tangu darasa la saba hakuna aliyejali ninavyosimama.

Pigo la kwanza nilipiga kama natwanga. Ukasema mikono imepanda mno. La pili nilipiga kama naua nyoka. Ukasema tuliza kichwa. La tatu nikafumba macho, nikawa chini ya mikorosho ya marehemu baba, fyekeo mkononi, nyasi hadi magotini: kiuno kikaenda, mikono ikafuata, kipira kikalia ta! wavuni, wavu ukavimba.

"Vizuri sana," ukasema. "Kiuno kimegeuka vizuri sana. Umefanya mazoezi muda mrefu?"

"Miaka hamsini, mwanangu," nikasema. Mwanangu, nikasema, ulimi wangu mwenyewe.

Tukaendelea. Vizuri, ta! Vizuri, ta! Chungu kikaungua na sikukisikia. Nikasikia bodaboda mlangoni.

Fimbo nikaisukumia nyuma ya mpapai, wewe nikakufunika na ungo, ufagio nikaudaka. Kufagia sikuwahi. Kasiani alikuwa ameshasimama.

"Ulikuwa unafanya nini, mama Lucy?"

"Nafagia, baba Lucy. Si unaniona?"

Akatazama vumbi. Katikati ya mistari yangu palikuwa na nyayo mbili zilizotanuka, na mbele yake mikwaruzo myembamba kama mwezi mchanga, mmoja juu ya mwingine.

"Na hizi?"

"Kuku."

Akainama, mkono kwenye nyonga ile, akazitazama. Akazitazama kama hajawahi kutazama kitu. Kidole chake kikafuata ukingo wa unyayo taratibu, kisigino hadi vidole.

"Kuku huyu amevaa kandambili," akasema. "Ya kushoto imelika kisigino, upande wa ndani. Kamba ameifunga kwa waya. Tangu Pasaka ameifunga."

Chini ya ungo wewe ukasema, "Jaribu tena."

"Ni kuku," nikasema.

Akacheka, hakuinuka. Jua lilikuwa limeingia ndani ya nyayo zile mbili, likajaa kama maji. Ufagio nikauegemeza ukutani.