Nakala ya Kimali

Enzi hizo soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, na Bariadi ilijaa makampuni ya watu binafsi, kila moja na mizani yake na malori yake. Moja lilikuja na kompyuta, na mchapaji wake alikuwa Milembe. Alivyoringa nayo, acha tu.

Jioni alibaki ofisini akiandika majina ya ukoo wao, vizazi tisa, nani alizaliwa wapi na akazikwa wapi. Aliyeyajua kwa moyo alikuwa mzee Limbu peke yake, baba yake, aliyemtajia moja moja huku akikohoa, maana kifua kilikuwa kinamsumbua. Milembe akayahifadhi kwenye disketi tatu, akazipanga nyumbani mahali pa heshima: juu ya redio kubwa, chini ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya picha ya kipaimara.

"Zote tatu zinalala hapo?" mzee akauliza.

"Zote, baba. Moja ikiharibika, mbili zipo."

Mzee akaguna. Yeye ng'ombe wake hakuwahi kuwaweka boma moja. Wengine walikuwa kwa rafiki yake Luhaga kule Kimali, wakikamuliwa hukohuko, ili ugonjwa ukiingia nyumbani usiwamalize wote. Akaomba disketi ya nne. Milembe akacheka sana, akampa kama anayempa mtoto kitu cha kuchezea, akasahau.

Mwaka uliofuata kampuni ikafunga virago na kompyuta yake. Haukupita muda, mzee akafariki.

Ukoo ulitaka majina yasomwe siku ya kumaliza matanga. Siku moja kabla, Milembe akazipeleka disketi ofisi ya parokia kwa Januarius, karani wa pale. Ya kwanza haikusomeka. Ya pili vilevile. Ya tatu ikakwaruza tu.

"Ulikuwa unaziweka wapi, dada?"

Januarius aliposikia zilikaa juu ya redio akashika kichwa. "Spika ina sumaku. Sumaku inafuta hizi."

Milembe alilia pale kwenye benchi kuliko alivyolia makaburini. Aliona amemzika baba yake mara ya pili, safari hii kwa mikono yake.

Kesho yake asubuhi Luhaga akaingia na baiskeli kutoka Kimali. Kama ilivyo desturi, akatoa kwanza habari za ng'ombe: wangapi wamezaa, yupi amekufa, na ngozi yake hii hapa. Kisha akafungua kopo la Kimbo. Ndani, kwenye mfuko wa nailoni, mlikuwa na disketi.

"Hii mzee aliniletea mwenyewe, mwanangu. Akasema haizai wala haikamuliwi, niitunze tu."

Wakaikimbiza kwa Januarius. Majina yakatokea yote, na mbele ya ukoo Milembe akayasoma taratibu, akimsikia baba yake akikohoa katikati.

Siku hizi ana mvi. Watoto wa kaka yake humwambia, shangazi, kila kitu kipo kwenye simu. Huwaitikia, sawa wanangu. Lakini kila mwaka baada ya mavuno hupanda basi la Kimali na flashi mpya ndani ya kopo lilelile, akampelekea mtoto wa Luhaga. Njia nzima huwa anamwomba baba yake radhi kwa kile kicheko.